Damu Imepungua: Je, Chembe ni Ndogo au ni Kubwa?

Katika kliniki ya wajawazito hakuna maneno yanayosikika mara nyingi kama haya mawili: "Damu imepungua." Mama huyasikia, huyapeleka nyumbani kwa mumewe, kwa mama mkwe na kwa majirani, na kila mmoja huwa na dawa yake. Mmoja anasema anywe juisi ya choya. Mwingine anasema anunue chupa ya dawa nyekundu dukani. Wa tatu anasema ni uchovu tu, utaisha mpunga ukishavunwa.

Sisi tunaohudumia wagonjwa siku za kazi, na kukaa na akina mama wenzetu kwenye jumuiya siku za mapumziko, tumeona kwamba swali moja muhimu huwa haliulizwi. Damu imepungua kwa sababu gani? Kupungua kwa damu siyo ugonjwa mmoja. Ni kama njaa ndani ya nyumba: inaweza kuletwa na ukame, na wizi wa ghala, au na panya. Ukimfukuza mwizi wakati wanaokula ni panya, njaa itabaki palepale.

Mwezi huu tunapenda kuwaeleza wasomaji wetu jambo ambalo liko kwenye karatasi ya maabara, lakini mama huwa haelezwi. Nalo ni ukubwa wa chembe nyekundu za damu. Kipimo hiki kinaweza kutuonyesha kama mwili umekosa madini ya chuma, au umekosa vitamini.

MAANDAZI YA MWILINI

Chembe nyekundu hutengenezwa ndani ya uboho wa mifupa. Kila moja huishi siku 120 hivi, kisha huchakaa na nyingine huchukua nafasi yake. Kazi yake ni kubeba hewa safi kutoka mapafuni na kuifikisha kila mahali: kwenye ubongo, kwenye misuli, na kwa mtoto aliye tumboni. Chembe zikipungua, au zikiwa na wekundu hafifu, mama huchoka upesi, moyo humwenda mbio, hupata kizunguzungu, na viganja na kope za ndani hupauka.

Ili chembe nzuri itengenezwe, uboho unahitaji vitu vingi, lakini vitatu ndivyo vinavyosumbua familia zetu zaidi: madini ya chuma, vitamini iitwayo foleti (ile ya kwenye vidonge huitwa asidi ya foliki), na vitamini B12.

Mfikirie mama anayekanda maandazi ya kuuza. Unga ukiwa haba, atajitahidi kutoa idadi yake, lakini maandazi yatakuwa madogo. Ndivyo inavyokuwa chuma kinapokosekana. Wekundu wa damu hautoshi kujaza chembe, na chembe zinatoka ndogo na zilizopauka.

Sasa tuseme unga upo wa kutosha, lakini kisu cha kukatia donge hakipo. Donge litaumuka na kukua, lakini halitagawanyika. Atatoa maandazi machache, makubwa kupita kiasi. Hivyo ndivyo inavyokuwa foleti au vitamini B12 ikikosekana. Vitamini hizi mbili ndizo zinazoiwezesha chembe changa kugawanyika. Zisipokuwepo, chembe hukua bila kugawanyika vizuri. Nyingi huharibika hukohuko ndani ya uboho, na chache zinazotoka zinakuwa kubwa.

Kwa hiyo, kwa kawaida, chembe ndogo hutuelekeza kwenye upungufu wa chuma, na chembe kubwa hutuelekeza kwenye upungufu wa foleti au B12.

UKUBWA HUPIMWAJE?

Zamani fundi wa maabara alipaka tone la damu kwenye kioo, akalitia rangi na kulitazama kwa darubini. Njia hiyo ingali na faida kubwa hadi leo. Katika miaka ya 1930 daktari wa Marekani, Maxwell Wintrobe, alionyesha namna ya kupata ukubwa wa chembe kwa hesabu. Damu huzungushwa kwa kasi katika mrija mwembamba mpaka chembe zituame chini, kisha hupimwa chembe zimejaza sehemu gani ya damu yote. Kipimo hicho huitwa hematokriti. Halafu chembe zenyewe huhesabiwa. Ukigawa ujazo wa chembe zote kwa idadi yake, unapata wastani wa ukubwa wa chembe moja.

Mwaka 1953 Mmarekani mwingine, Wallace Coulter, alipata hati ya uvumbuzi wa njia ya kuzipitisha chembe moja moja kwenye tundu dogo lenye umeme. Kila chembe ikipita hutoa ishara, na ishara hiyo huwa kubwa kadiri chembe ilivyo kubwa. Mashine nyingi za kuhesabu damu katika hospitali zetu zimetokana na wazo hilo.

Kwenye karatasi ya majibu, ukubwa huo umeandikwa kwa herufi tatu: MCV. Kwa mtu mzima kiwango cha kawaida ni kati ya 80 na 100. Chini ya 80 tunasema chembe ni ndogo. Juu ya 100 tunasema ni kubwa. Watoto wana viwango vyao. Mtoto mchanga huzaliwa na chembe kubwa kuliko za mama yake, na mtoto wa mwaka mmoja huwa na chembe ndogo kuliko za mtu mzima. Basi usichukue karatasi ya mtoto ukaisoma kwa viwango vyako.

Tuangalie mfano. Tuseme akina mama wawili wamepimwa siku moja na wote wana hematokriti ya asilimia 30, ambayo ni ndogo. Wa kwanza ana chembe milioni 4.3 katika tone dogo sana la damu, lile la milimita moja ya ujazo. Hesabu inatoa MCV ya 70. Chembe zake ni nyingi lakini ndogo. Wa pili ana chembe milioni 2.6 tu. Hesabu inatoa 115. Chembe zake ni chache lakini kubwa. Wote wawili wataambiwa damu imepungua. Wote watachoka kwa namna moja wanapopanda ngazi au kubeba ndoo. Lakini mmoja anahitaji chuma, na mwingine huenda anahitaji vitamini. Ukipima wingi wa damu peke yake hutawatofautisha.

DAKTARI MWANAMKE ALIYEFUNGUA NJIA

Hatuna budi kumkumbuka mwanamke aliyefanya kazi kubwa katika jambo hili. Mwaka 1928 Lucy Wills, daktari kutoka Uingereza, alikwenda Bombay, India, kuchunguza kwa nini wajawazito maskini, wengi wao wafanyakazi wa viwanda vya nguo, walipungukiwa damu vibaya sana. Chembe zao zilikuwa kubwa. Aliangalia maisha yao na chakula chao, akaona ugonjwa ulishika zaidi wale waliokula vibaya. Alijaribu vyakula mbalimbali, na mwaka 1931 alitangaza kwamba dondoo la hamira, kitu cha bei ndogo, liliwaponya wanawake hao. Hakuna aliyejua wakati huo ni kitu gani ndani ya hamira kilichoponya. Miaka kumi baadaye, mwaka 1941, wanasayansi walikipata katika majani ya mchicha wa kizungu, wakakiita asidi ya foliki kutokana na neno la Kilatini lenye maana ya jani.

Kidonge cha kuongeza damu anachopewa mjamzito leo, chenye chuma na asidi ya foliki pamoja, kina alama ya kazi ya mama huyo.

HAPA KWETU BONDENI

Tukirudi Ifakara na bonde lote la Kilombero, tunakuta kwamba damu ina maadui wengi kwa wakati mmoja. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2015-16 ulionyesha kwamba Tanzania wanawake 45 katika kila 100 wenye umri wa miaka 15 hadi 49 walikuwa na upungufu wa damu, na watoto 58 katika kila 100 wenye umri wa miezi 6 hadi 59.

Adui wa kwanza ni malaria. Vimelea vyake huvunja chembe nyekundu. Hapa Ifakara jambo hili lilichunguzwa kwa makini. Watoto wachanga 832 waliozaliwa katika Hospitali ya Mtakatifu Fransisko walifuatiliwa katika utafiti uliotangazwa mwaka 1997. Baadhi walipewa chuma, baadhi dawa ya kuzuia malaria, baadhi vyote viwili, na wengine hawakupewa dawa hizo. Chuma kilipunguza upungufu mkubwa wa damu kwa karibu asilimia 29. Dawa ya kuzuia malaria iliupunguza kwa karibu asilimia 57. Lakini watoto waliokingwa kwa dawa hiyo walipoachishwa, walipata malaria na upungufu wa damu zaidi kuliko wenzao.

Mwaka 2001 ulitangazwa utafiti mwingine wa hapahapa, wa watoto 701, ambao baadhi yao walipewa dawa ya SP walipoletwa kwenye chanjo. Upungufu mkubwa wa damu ulipungua kwa nusu. Watoto wa bonde hili wamewasaidia watoto wa Afrika nzima, kwani mwaka 2010 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza njia hiyo kwa maeneo yanayofaa.

Adui wa pili ni minyoo ya safura, inayoingia kwa ngozi ya miguu peku na kunyonya damu tumboni. Wa tatu ni upungufu wa chuma kwenye chakula. Wa nne ni kuzaa kwa kufuatana, kabla mwili haujajaza ghala lake. Wa tano ni selimundu, ugonjwa wa kurithi ambao huvunja chembe kila siku.

Na hapa ndipo vitamini zinapoingia. Mwili unaovunjiwa chembe kila mara, kwa malaria au selimundu, hulazimika kutengeneza nyingine haraka, na hivyo hutumia foleti nyingi. Mimba nayo inahitaji foleti nyingi. Akiba ya foleti mwilini ni ya miezi michache tu. Sasa mfikirie mama aliyehamia shambani na watoto wakati wa kilimo, akakaa huko miezi kadhaa, mbali na kliniki, chakula chake kikiwa wali mweupe na kitoweo cha kubahatisha. Vidonge vikimwishia, hapiti mtu wa kumletea. Anaweza kufika kujifungua akiwa na damu kidogo mno, na damu ambayo mama mwingine angeweza kuipoteza na kupona, yeye ikampotezea maisha.

UNGO UNA MATUNDU

Mama yeyote wa Kilombero anajua kazi ya ungo. Ukipepeta, makapi hutoka, lakini bado utakaa chini kuchagua mawe. Kipimo cha ukubwa wa chembe ni ungo. Kinatuonyesha tuangalie wapi, lakini hakimalizi kazi. Tunaomba mkumbuke mambo haya:

Kwanza, mama anaweza kukosa chuma na foleti kwa pamoja. Moja linafanya chembe kuwa ndogo, jingine linazifanya kubwa, na wastani unatoka 88, kana kwamba kila kitu ni sawa. Ndiyo maana mhudumu mzuri hutazama pia kama chembe zinatofautiana sana ukubwa, au huomba damu itazamwe kwa darubini.

Pili, mimba yenyewe huongeza ukubwa wa chembe kidogo, na kwa hiyo inaweza kuficha upungufu wa chuma.

Tatu, mtu anaweza kukosa vitamini B12, na mishipa yake ya fahamu ikawa inaumia, huku chembe zikiwa na ukubwa wa kawaida. MCV nzuri siyo hakikisho.

Nne, siyo kila chembe kubwa inatokana na vitamini. Pombe hufanya hivyo. Magonjwa ya ini na ya tezi ya shingo hufanya hivyo. Baadhi ya dawa pia, kama zidovudini ya kufubaza virusi vya UKIMWI na haidroksiyurea ya selimundu. Hata mtu anayepona baada ya kupoteza damu huweza kuwa na chembe kubwa kidogo, kwa sababu chembe changa ni kubwa kuliko zilizokomaa. Na chembe ndogo zinaweza kuwa za kurithi, bila upungufu wowote wa chuma. Kwa hiyo mweleze mhudumu dawa zote unazotumia, na usione haya kusema ukweli kuhusu pombe.

VIDONGE NI RAFIKI, LAKINI VINA MASHARTI

Mama mjamzito ameze vidonge vyake vya kliniki kila siku, hata kama damu yake imeonekana nzuri. Hilo halina mjadala. Vikimsababishia kichefuchefu avimeze baada ya chakula au usiku, na asishangae choo kuwa cheusi. Asivimeze pamoja na chai, maana chai huzuia chuma kuingia mwilini.

Lakini kununua vidonge dukani kwa kukisia ni jambo jingine. Kuna mambo matatu ya hatari.

La kwanza tulijifunza kutoka Pemba. Katika utafiti mkubwa uliotangazwa mwaka 2006, watoto wadogo wa huko walipewa chuma na asidi ya foliki bila kupimwa kwanza. Ilionekana kwamba waliopewa walilazwa au kufariki zaidi, kwa karibu asilimia 12, kuliko wasiopewa, na utoaji wa vidonge hivyo ukasimamishwa mapema. Hata hivyo, katika kundi dogo lililopimwa, watoto waliokuwa na upungufu wa chuma na damu walinufaika. Fundisho ni wazi. Penye malaria, mtoto apimwe na alindwe dhidi ya malaria, ndipo apewe chuma.

La pili ni asidi ya foliki ya kipimo kikubwa. Kidonge cha kliniki kina mikrogramu 400, na hicho ni salama pamoja na SP ya kuzuia malaria kwa wajawazito. Lakini kile cha miligramu 5, ambacho ni zaidi ya mara kumi, hudhoofisha nguvu ya SP. Mama asikinunue mwenyewe.

La tatu linawahusu zaidi wazee wetu. Bibi aliyepungukiwa B12 akipewa asidi ya foliki peke yake, damu yake itapanda na kila mtu atafurahi, lakini ganzi ya miguu, kuyumbayumba na kusahau vitaendelea kuongezeka kimyakimya. Mishipa ikishaharibika sana huenda isirudi. Wazee, waliofanyiwa upasuaji wa tumbo, na wenye kisukari wanaotumia metformini kwa muda mrefu, wanahitaji kuangaliwa kwa jicho hili.

Neno moja kwa wanaotarajia kupata mimba. Uti wa mgongo wa mtoto hufunga ndani ya wiki nne za mwanzo, mara nyingi kabla mama hajajua ana mimba. Asidi ya foliki ikianzwa kabla ya mimba hupunguza sana uwezekano wa mtoto kuzaliwa na mgongo wazi. Basi mnapopanga kuzaa, anzieni kliniki.

JIKONI KWETU

Mungu hakulinyima bonde hili chakula. Foleti imo katika mchicha, majani ya maboga, majani ya kunde, maharage, kunde, choroko, karanga, machungwa, mayai na maini. B12 haimo katika mimea. Imo katika samaki, dagaa, nyama, maziwa na mayai. Perege na kambale wa mto wetu ni hazina. Mama asiyemudu nyama anaweza kusaga dagaa na kuwatia katika mboga ya watoto.

Foleti huharibika kwa moto mwingi na hutoroka na maji. Kwa hiyo osha mboga kabla ya kukata, pika kwa muda mfupi na maji kidogo, na usimwage maji yake. Kisamvu ni lazima kiive sana ili kiwe salama, basi siku nyingine pika mboga ya majani laini. Magadi huharibu vitamini C, ambayo husaidia chuma kuingia mwilini. Afadhali limau au chungwa pamoja na chakula.

Kanuni za mwaka 2011 zilitaka viwanda vikubwa viongeze chuma, asidi ya foliki na B12 katika unga wa ngano na wa mahindi. Ni jambo jema. Lakini mchele tunaoukoboa mashineni hapa kijijini hauongezwi kitu, na ukiwa mweupe sana umepoteza vitamini zake nyingi. Wali unahitaji mwenzake sahanini.

Halafu yapo mambo ya mezani ambayo hayahitaji fedha. Maini na firigisi ni vya baba, mayai ni mwiko kwa mjamzito eti mtoto atazaliwa bila nywele, na mama hula mwisho kilichobaki. Akina baba wanaosoma ukurasa huu baada ya wake zao, tunawaomba jambo moja: mkeo akiwa mjamzito au ananyonyesha, msogezee sahani. Kipande kidogo cha ini mara moja kwa wiki kinatosha.

UKIENDA KLINIKI, ULIZA

1. Wekundu wa damu yangu ni kiasi gani? Kwa mjamzito usipungue gramu 11. Ukiwa chini ya 7 ni hatari na anahitaji hospitali.
2. Je, nimepimwa malaria na minyoo?
3. Kama nimemeza vidonge vizuri mwezi mzima na damu haijapanda, naweza kupelekwa penye mashine ya kuhesabu chembe?
4. Chembe zangu ni ndogo, kubwa, au za kawaida? Na hiyo ina maana gani kwangu?
5. Nikienda shambani, naweza kupewa vidonge vya kutosha mpaka nirudi?

Zahanati nyingi huweza kupima wekundu tu, kwa tone la kidole. Siyo kosa la mhudumu. Lakini anaweza kukuandikia barua ya kwenda hospitali. Anayeishi ng'ambo ya mto, upande wa Ulanga, havuki tena kwa pantoni tangu daraja lilipozinduliwa mwaka 2018, na safari imekuwa nyepesi kidogo.

Usingoje barua wala zamu ya kliniki ukiona moja ya haya: kuhema hata ukiwa umekaa, kuzimia, kuvimba miguu pamoja na mapigo ya moyo kwenda mbio, kutokwa damu nyingi, au mtoto aliyepauka viganja na kulegea. Nenda hospitali saa hiyohiyo.

Injili inatuambia habari za mwanamke aliyetokwa na damu miaka 12, akamaliza mali yake yote kwa waganga bila nafuu. Tunadhani wengi wetu tunamfahamu mtu kama yeye, anayenunua chupa moja baada ya nyingine. Mwezi huu, katika jumuiya yako, mtafute mama mmoja aliyepauka na kuchoka. Mwulize kama amepimwa, na kama hana wa kubaki na watoto, baki nao wewe ili aende.